Diamba, bangi na harufu yake: majina mawili yanayokutana Tenke



Siku hizi katika magrupu yetu kuna neno linazunguka: terpeni. Mtu anatuma picha ya duka la California ambako bangi inauzwa na kikaratasi: hii ina limoneni, ni ya furaha, hii ina mirseni, ni ya usingizi. Chini yake mwenzetu anaandika kwa Kiswahili chetu cha huku: "Siye tulijuaka zamani, ile harufu njo nguvu." Halafu mwingine, ambaye sitamtaja, anatupa lake: "Diamba ni batu ya Kasai njo balileta."

Mimi ni mtu wa istoria, nimezaliwa Tenke, na maneno haya yote matatu yananihusu. La dukani, la harufu na la Kasai. Nianze na la mwisho maana ndilo linaloumiza watu.

Tenke wengi wanaijua kwa shaba na kobalti. Kabla ya hapo ilikuwa njia panda ya reli. Reli ya BCK ilitoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikafika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, ikipita katika nchi ya Kasai. Mwaka 1931 tawi la Tenke kwenda Dilolo likakamilika na kuungana na reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito, Angola. Kwa hiyo ukisimama pale gare ya Tenke, mkono mmoja wa chuma unakwenda kwa Waluluwa na Waluba wa Kasai, mwingine unakwenda Atlantiki, na wa tatu unarudi Lubumbashi. Unioni Miniere ilitafuta wafanyakazi Kasai, na wengi wao walishuka au kupita hapa na masanduku yao, na lugha yao.

Neno diamba, au riamba, ni la upande huo. Angola wanasema liamba. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na watumwa, na Brazil mpaka leo linajulikana: diamba, liamba. Lakini bangi ni neno la upande mwingine kabisa. Wahindi walisema bhang, Waajemi bang, na mabaharia wa Bahari ya Hindi wakalishusha pwani ya Afrika mashariki. João dos Santos, kasisi Mreno aliyekaa Sofala, alikuwa tayari analiandika, bangue, katika kitabu kilichotoka mwaka 1609. Mwaka 1860 Mwingereza Burton alipochapisha habari za safari yake ya kutoka pwani mpaka Tanganyika, alieleza watu wakivuta bangi kwa kiko kikubwa cha maji. Ile ni barabara ya misafara ya Wanyamwezi. Na Msiri wa Bunkeya, ambaye kwa ramani ya leo ni mtu wa Lualaba, alitoka Unyamwezi kwa njia hizo hizo.

Na hata Wanyamwezi hawakuanza. Ethiopia, katika pango la Lalibela, walichimba vichwa vya kiko vya karne ya 14, na vilipopimwa vilionyesha mabaki ya bangi. Hapo tumbaku ya Marekani haijafika Afrika bado. Chris Duvall, mwanajiografia aliyeandika kitabu kizima mwaka 2019 juu ya mizizi ya Kiafrika ya mmea huu, anasisitiza jambo hilo: Asia walikuwa wanaula na kuunywa, na kuuvuta kwa kiko ni ufundi wa Afrika.

Basi, nani alileta? Kwetu mmea una majina mawili kwa sababu ulijulikana pande mbili: moja la Bahari ya Hindi, moja la Atlantiki, na yote mawili yanatumika Tenke. Mtu anayesema "diamba ni ya Kasai" huku anasema "bangi" katika sentensi inayofuata, ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Sisemi haya kwa mchezo. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala wiki nyingi kwenye magare ya Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Maneno madogo ya "hawa ndio walileta hiki na kile" yalikuwepo kabla. Mimi nayaogopa.

Sasa twende Kasai yenyewe, maana istoria ya huko ndiyo nzuri kuliko zote kwa swali letu la harufu na nguvu.

Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwa mfalme Kalamba Mukenge, karibu na mto Lulua. Wissmann huyu ndiye aliyeanzisha kituo cha Luluabourg mwaka 1884 kwa kazi ya Leopold, na ndiye baadaye aliyepigana na Abushiri pwani ya Tanganyika. Walichokuta kwa Kalamba kiliwashangaza. Watu walijiita Bena Riamba, wana wa diamba. Nchi yao waliiita Lubuku, maana yake urafiki. Silaha hazikubaliwi ndani ya kijiji. Mvinyo wa michikichi umepigwa marufuku. Sanamu za zamani za ulinzi zimechomwa. Jioni wanakusanyika kiwanjani na kuvuta pamoja kwa kibuyu kikubwa, mmoja baada ya mwingine. Mapatano ya amani yanafungwa kwa kuvuta. Mwenye kosa anahukumiwa kuvuta mpaka aanguke. Dada yake Kalamba, Sangula Meta, alikuwa kiongozi mkubwa wa ibada hizo. Wageni walisalimiwa kwa neno "moyo". Wenye majirani Waluba au Waluluwa mnajua: mpaka leo salamu yao ni moyo.

Kijana wa 2020 na kitu akisoma haya anaruka mara moja: kumbe mmea una kemikali za amani! Ile harufu njo ilituliza roho yao. Ndiyo maana duka la California linaandika "utulivu" kwenye kikaratasi.

Bon, polepole. Lubuku haikuwa bustani ya Edeni. Waliokataa dini mpya walihesabiwa maadui, na Kalamba alitumia urafiki wake na Wajerumani kupanua utawala wake. Pembe za ndovu na bunduki zilikuwa zinapita, biashara na Wachokwe na watu wa Angola ilikuwa imefunguka, na kiongozi alihitaji njia ya kukomesha vita vya ukoo na ukoo ili njia zipitike. Diamba ilikuwa muhuri wa mpango huo. Johannes Fabian, ambaye alifundisha Lubumbashi miaka ya 1970 na kuandika sana juu ya Kiswahili chetu, aliirudia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya wasafiri wa Ulaya. Anakumbusha kwamba wale waliokuwa wanaandika juu ya "walevi wa diamba" walikuwa wenyewe na homa, wamejaa kinini, afyuni na pombe. Sehemu hiyo nilicheka sana.

Halafu miaka ya 1890 Kalamba akageuka adui wa Dola la Leopold. Na mwaka 1903 Dola likatoa dekreti ya kukataza "chanvre à fumer", katani ya kuvuta. Angalieni tarehe. Mkataba wa Geneva uliotia katani ya Kihindi katika orodha ya dunia ni wa 1925. Kongo ilitangulia kwa miaka 22. Rio de Janeiro ilitangulia zaidi: mwaka 1830 mji ule ulikataza "pito do pango", yaani kiko cha bangi, na mtumwa aliyekamatwa nayo alipata siku tatu za kifungo. Sheria hizo hazikungoja maabara. THC, kitu kinacholewesha, ilitolewa safi kwenye mmea na kuelezwa na Gaoni na Mechoulam huko Israeli mwaka 1964 tu. Kabla ya hapo hakimu alijua majani, moshi, na harufu.

Na hapa tunafika kwenye harufu yenyewe.

Ukiangalia ua la bangi kwa lenzi utaona vinyweleo vidogo vyenye kichwa kinachong'aa. Humo ndimo utomvu unatengenezwa, na ndani ya utomvu kuna makundi mawili: kundi la THC na ndugu zake, na kundi la terpeni. Terpeni ndizo zenye harufu. THC haina harufu ya kunusa. Naomba msome sentensi hiyo mara mbili, hasa ninyi wa "ile harufu njo nguvu". Unachonusa na kinachokulewesha ni vitu viwili vinavyokaa nyumba moja. Ulaya kuna maua ya bangi yanayouzwa kwa sheria. Uswisi wanakubali yakiwa chini ya asilimia 1 ya THC. Yananuka vilevile. Polisi wa huko wanapata taabu kweli, maana pua haiwezi kutofautisha.

Terpeni zenyewe si wageni jikoni kwetu. Limoneni iko kwenye ganda la chungwa na la ndimu. Kariofileni iko kwenye pilipili manga na karafuu. Linaloli iko kwenye mrehani. Pineni ni ile harufu ya misonobari. Mirseni iko kwenye mchaichai, wengine mnaita sitroneli, unaochemshwa karibu kila nyumba mtu akipata homa. Ile harufu kali ya bangi inayochoma pua, ya panya-buku aliyekasirika, wakemia wa California waliichunguza mwaka 2021 na kuona inatokana na chembe kidogo sana za kampaundi zenye salfa, jamii ya vitu vinavyofanya kitunguu saumu kinuke. Hizo hata si terpeni hasa.

Je, zinafanya kitu mwilini? Mwaka 2011 daktari Ethan Russo aliandika makala iliyosomwa sana, akipendekeza kwamba terpeni zinashirikiana na THC, zinaiongoza: hii inalegeza, ile inachangamsha. Maduka yalikimbia na wazo hilo kabla halijapimwa vizuri. Kilichopimwa tangu hapo ni mchanganyiko. Kariofileni ndiyo yenye kesi nzuri: mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walionyesha inashika moja ya vipokezi vya mwili vinavyoitwa CB2, vinavyohusika na uvimbe, na haishiki CB1, kile kinacholeta ulevi. Mwaka 2019 watafiti wa Australia waliweka terpeni kadhaa pamoja na THC kwenye seli na hazikubadilisha kazi yake kwenye vipokezi hivyo. Mwaka 2021 wenzao wa Arizona wakapata kwa panya kwamba baadhi ya terpeni zinapunguza maumivu, zikiwa peke yake au pamoja na dawa nyingine.

Na mirseni, ile ya usingizi? Hapa Brazil inarudi, kwa njia nzuri. Huko watu wanakunywa chai ya mchaichai ili walale, kama bibi zetu. Mwaka 1986 wataalamu wa huko waliwapa chai hiyo watu 50 wazima wa afya na kupima. Hawakuona usingizi wowote wa kutajwa. Panya waliopewa mirseni kwa vipimo vikubwa walilegea, kweli, lakini hakuna mtu anayevuta kipimo kile.

Pia kuna jambo la ukavu. Terpeni nyepesi zinaruka hewani. Mississippi mwaka 1996 walipima: baada ya kukausha maua wiki moja tu, karibu theluthi moja ya mafuta ya harufu ilikuwa imekwenda; baada ya miezi mitatu, zaidi ya nusu. Sasa fikirieni bangi yetu: imekatwa na mbegu zake, imeanikwa juani, imefungwa kwenye mfuko, imepakiwa chini ya magunia ya mahindi, imesafiri siku nyingi kwa treni au lori. Kikaratasi cha California kinaeleza ua jipya lililofungwa kwenye chupa. Kukitumia kwa majani yaliyofika Kolwezi ni kama kutumia menyu ya hoteli kueleza sahani ya jana. Na kiberiti kikishawaka, moto unageuza sehemu ya terpeni kuwa vitu vingine vinavyochoma mapafu. Mirseni yenyewe shirika la kansa la WHO limeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta kansa.

Utafiti ambao ningependa ma-creuseurs wote wausikie ni wa mwaka 2024, wa Johns Hopkins, Marekani. Watu 20 walivuta mvuke wa THC, mara peke yake, mara pamoja na limoneni. THC nyingi peke yake iliwapa hofu na wasiwasi. Walipopewa miligramu 30 za THC pamoja na miligramu 15 za limoneni, hofu ilipungua wazi. Ni kipimo cha limoneni kikubwa kuliko kinachokuwa ndani ya ua la kawaida, lakini ni watu, si panya, na matokeo ni ya kweli. Wapenzi wa terpeni wanasimamia hapo na kushangilia. Wanaacha kusoma nusu ya pili: mengine yote karibu hayakubadilika. Kumbukumbu ilivurugika vilevile, umakini vilevile. Kilichoondoka ni woga.

Nimekulia kati ya watu wanaoshuka mashimoni. Kisheria shimo la mchimbaji wa mikono lisipite mita 30. Wote tunajua yanapita. Nimesikia tangu utoto kwamba "inatoa moyo", inaondoa uchovu na woga kabla ya kushuka. Sitawadharau wanaosema hivyo, maana wamepima kwa miili yao, na utafiti wa 2024 unawapa nusu ya haki. Lakini chini kule woga ndio unaokufanya usikilize udongo. Ndio unaokuambia ukuta umelia, panda. Mtu ambaye woga wake umetulizwa na ndimu, huku mikono na kichwa bado vimelewa, yuko pabaya kuliko yule anayetetemeka.

Sasa linganisheni na Lubuku. Mmea ule ule, harufu karibu ile ile. Kwa Kalamba ulileta amani, kwa hakimu wa 1903 ulikuwa hatari ya kukatazwa, kwa mchimbaji wa leo unatoa nguvu. Kemia haiwezi kuwa imebadilika mara tatu katika miaka 140. Wale wa Lulua walivuta jioni, kazi imekwisha, silaha ziko nje, wazee wapo, kibuyu ni kimoja na zamu inajulikana. Ma-creuseurs wanavuta asubuhi, kila mtu peke yake, kabla ya hatari. Ukiniuliza mimi, theluthi kubwa ya "athari" ambazo watu wanazipachika kwenye terpeni ziko katika saa, mahali na sheria za wanaovuta. Mwanakemia atanipinga kidogo, na ana haki yake.

Polisi wa njiani naye ana kemia yake. Mbwa wa forodha Ulaya hufundishwa harufu tu, na kitu kimoja kilichotambuliwa zamani kuwa kinawavuta ni kariofileni iliyokutana na oksijeni. Huku kwetu hatuna mbwa wengi, tuna pua ya askari. Mwanafunzi anashushwa kwenye basi kwa sababu koti lake linanuka, na harufu hiyo, kama tulivyoona, haisemi ana kiasi gani, wala kama ni yake. Inasema tu alikaa karibu na moshi. Dunia imesogea: Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye orodha ya ukali wa juu kabisa. Hapa nyumbani haijahalalishwa, msije mkanisingizia.

Kwa wanaotaka kufanya mémoire juu ya haya: Waluluwa walikuwa wachongaji hodari, na kati ya kazi zao kuna vinu vidogo vyenye sura ya mtu aliyechuchumaa, vya kusagia tumbaku na diamba. Vingine viko kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mabaki ya THC na ndugu zake yanaweza kudumu kwenye chombo kwa mamia ya miaka, kama vile vichwa vya kiko vya Lalibela. Mtu akipata ruhusa ya kukwangua kidogo, atajua kama kinu kilisaga diamba au tumbaku. Limoneni na mirseni hatazikuta. Hizo zilikwisha kuruka kabla Wissmann hajafunga mizigo yake.